Senti Kumi Yenye Tundu

Mashine ililia chini ya mgomba. Binamu yangu alikuwa ameikodi kwa siku moja, na tangu asubuhi tulikuwa tumefukua misumari, vifuniko vya soda na kipande cha jembe. Marani nzima imesikia kwamba sarafu za zamani ni mamilioni. Safari hii kilitoka kiduara cheusi chenye tundu katikati. Senti kumi, East Africa, 1936.

Tuliiosha, jina likatokea: Edward wa Nane. Huyu alirithi ufalme wa Uingereza Januari mwaka huo, akauacha Desemba ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyewahi kupewa talaka. Hakuwahi hata kuvishwa taji. Lakini senti za Afrika Mashariki zenye jina lake zilikuwa zishatengenezwa, zikatumika. Binamu tayari alikuwa anachagua rangi ya pikipiki. Ikabidi nimwambie ukweli: zilitengenezwa nyingi mno, hazina bei ya maana.

Tukampelekea magokoro. Hakuuliza bei.

"Baba mkwe wangu alikuwa anazitunga kwenye kamba," alisema. "Za kodi hizo. Usingezigusa."

Kodi ya nyumba ilianzishwa nchini 1901, wakati mali ya Mkisii ilikuwa ng'ombe. Serikali ilitaka pesa taslimu, na njia ya kuzipata ilikuwa kwenda kumfanyia mzungu kazi. Watu hawakunyamaza. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa Northcote. Wanajeshi wakaja, wakachoma nyumba, wakaswaga mifugo. Kufika 1936, mtu wa Marani alikuwa anahesabu jina la mfalme asiyemjua, tundu kwa tundu, ili asishikwe. Mfalme aliweza kuacha kazi. Yeye angeachaje?

Binamu bado alitaka kujaribu kule juu, penye boma la zamani. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya 2006 inadai leseni kabla ya kuchimbua vitu vya kale. Akacheka: nani atajua? Magokoro ndiye aliyemnyamazisha.

"Kule amelala mwenye hiyo kamba. Utamfukua akulipe nini?"

Mashine ilirudishwa jioni, na deni lake binamu analo mpaka leo. Ile senti magokoro aliifunga kwenye pindo la leso yake, penye pesa za sukari.