Volti 12: Gari la Kambi na Nyumba ya Ushago ni Ndugu

Ingia duka lolote la sola ukisema unataka kufunga paneli kwenye gari la kupigia kambi. Swali la kwanza litakuwa: wati ngapi? Swali hilo limekaa mahali pasipofaa, na historia inatuonyesha kwa nini. Hata kule ushago, watu walilijibu mapema mno na likawagharimu.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 25 Aprili 1954, maabara ya Bell kule New Jersey ilionyesha seli ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Bei yake ilikuwa ya kutisha, kwa hivyo kazi yake ya kwanza ya maana ikawa angani, kwenye setilaiti ya Vanguard 1 iliyorushwa Machi 1958. Mtu wa kawaida aliisikia tu. Mambo yalianza kubadilika karibu 1973, wakati mwanakemia Elliot Berman, kwa pesa za kampuni ya mafuta ya Exxon, alipotumia silikoni ya bei nafuu na kushusha gharama kutoka karibu dola 100 kwa wati hadi karibu dola 20. Inachekesha, lakini ndivyo ilivyokuwa: mafuta yaliilea sola, na taa za kuonya meli kwenye mitambo ya mafuta baharini zikawa kati ya kazi zake za mwanzo hapa duniani.

Jua likizama, paneli inalala. Kwa hivyo ilihitaji mahali pa kuweka umeme, na betri rahisi iliyopatikana kila mji ilikuwa ya gari. Miaka ya hamsini magari ya Marekani yalikuwa yamehama kutoka volti 6 hadi 12. Watengenezaji wa paneli wakafuata hapo hapo. Seli moja hutoa karibu nusu volti. Unganisha 36 mfululizo upate volti 17 au 18, nguvu ya kutosha kusukuma chaji ndani ya betri ya volti 12 hata joto likiipunguza. Kwa maneno mengine, paneli ilikatwa kama suti, na aliyepimwa alikuwa betri.

Wamarekani waliofahamu faida hiyo mapema hawakuwa matajiri. Walikuwa watu waliohamia milima ya kaskazini mwa California, mbali na nguzo za stima, wakiwemo wakulima wa bangi waliokuwa na pesa taslimu na sababu nzuri ya kutoita kampuni ya umeme. Wengi tayari waliwasha taa na redio kwa betri ya gari. Mwaka 1978 John Schaeffer alifungua duka la Real Goods katika mji mdogo wa Willits, na paneli zikaanza kuuzwa kwa watu kama hao. Wenye magari ya kambi walikuwa na mpangilio uo huo: betri moja ya kuwasha injini, na ya pili ya taa na pampu ya maji. Hiyo ya pili mpaka leo wanaiita betri ya nyumba.

Huku kwetu, nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa na betri ya gari. Jamaa alikuwa anaibeba kwa baiskeli au kuipandisha matatu hadi sokoni, analipa kuchajiwa, anarudi nayo jioni ili watu waone habari. Mwaka 1984, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, shule ya Karamugi Harambee ilikuwa inafikiria kununua jenereta. Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea wa Peace Corps, alikuwa anafundisha pale. Mhandisi Harold Burris, aliyewahi kuwa Peace Corps pia, akafunga sola badala yake. Walimu wa eneo hilo na wakulima wa kahawa na chai waliona taa zikiwaka bila kelele wala petroli, nao wakataka za kwao. Wakanunua kwa pesa yao, bila kusubiri serikali wala mfadhili.

Miaka ya tisini soko hilo lilikua kwa vipande vidogo. Unanunua TV ya Great Wall, inchi 14, nyeusi na nyeupe, inayokubali volti 12. Baadaye unaongeza paneli ya wati 12 hivi. Betri ni ya gari, kwa sababu ndiyo iliyopo. Kontrola ya chaji inarukwa, kwa sababu fundi amesema inaongeza bei.

Hapo ndipo watu walipoumia. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja. Ukiinyonya usiku kucha kila siku, sahani zake za risasi zinachoka haraka. Paneli nyingi za bei ya chini zilikuwa za silikoni isiyo na fuwele, ambazo hupoteza sehemu ya nguvu zikianza tu kupigwa na jua, na baadhi hazikufikia hata wati zilizoandikwa mgongoni. Bonasi ya chai ya mwaka mzima ikaishia kwenye betri iliyokufa, na familia ikarudi kwa koroboi. Lawama ikaenda kwa sola. Jua halikuwa na makosa. Hesabu ilianzia upande usiofaa.

M-KOPA ilipoanza kuuza vifaa vyake mwaka 2012, wengi walisifu malipo madogo ya kila siku kupitia M-PESA. Kuna jambo jingine linalosahaulika: taa, betri, kontrola na paneli vilikuja kama kifurushi kimoja, tayari vimepimwa vikatoshana. Mteja hakubahatisha.

Sasa wewe unayefunga sola kwenye van, hakuna aliyekupimia. Anza na matumizi. Friji ndogo ya volti 12 inaweza kula kama wati-saa 400 kwa siku. Taa 50. Simu na laptopu 150. Jumla 600. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo usiku mmoja tu unadai ampea-saa 100. Ukichukua lithiamu ya chuma na fosfeti, ampea-saa 100 inakupa zaidi ya wati-saa 1,000. Halafu ndiyo uje kwa paneli: saa 5 za jua kamili, toa karibu theluthi moja inayopotea kwa joto, vumbi na nyaya, unapata takriban wati 200. Ukinunua paneli kubwa za paa la nyumba, zenye volti za juu, tafuta kontrola ya MPPT, la sivyo sehemu ya nguvu uliyolipia itapotea bure.

Wati ngapi? Hilo ndilo jibu la mwisho kupatikana. Wazee wetu walilipia somo hili kwa bonasi za chai, betri moja baada ya nyingine.