Mwendo wa Taratibu: Tarikhi ya Matembezi ya Baiskeli Mashambani mwa Uingereza

Ripley ni kijiji cha jimbo la Surrey, kusini-magharibi ya London, mwendo wa takriban kilomita 40, juu ya njia kuu ya zamani iendayo bandari ya Portsmouth. Na katika kijiji hicho ipo nyumba ya wageni ya kale iitwayo Anchor, ambayo katika miaka ya 1880 na 1890 ilipata umaarufu ambao wenyewe hawakuutafuta wala hawakuutazamia. Kila Jumapili ya majira ya joto, kukiwa kukavu, vijana wa London, aghalabu makarani na wauza maduka, waliishika njia ile kwa baiskeli, wakafika vumbi limewaganda hata nyusini, wakaandika majina yao katika kitabu cha wageni, wakala, wakanywa chai au bia, kila mtu kwa tabia yake, wakajinyoosha kivulini wakazungumza. Kisha jua lilipopunga wakarudi walikotoka. Hawakuwa na biashara Ripley, wala jamaa, wala msiba wa kuhani. Walikwenda kwa sababu njia ilikuwa nzuri na siku ilikuwa ndefu, na jambo hili, ambalo leo laonekana la kawaida kabisa, lilikuwa jipya katika nchi ile, kwani kabla ya hapo, aghalabu, mtu asiye na farasi alisafiri kwa haja, na mwenye farasi hakuwa karani.

Njia yenyewe ilikuwa imelala. Zama za magari ya farasi, Portsmouth Road ilijaa abiria, mabaharia na mifuko ya barua, na nyumba za wageni zilikuwa zikibadilisha farasi usiku na mchana. Lakini reli ilipokwisha kuenea katika miaka ya 1840, abiria wote waliihama barabara kwa mkupuo mmoja, mazizi yakabaki matupu, majani yakaota kandokando ya njia, na wenye nyumba za wageni wakaishi kwa wanywaji wa kijijini tu. Hivyo ndivyo walivyozikuta waendesha baiskeli wa kwanza: vyumba vingi, vitanda baridi, na bibi mwenye nyumba asiyejua ampokeeje mgeni aliyekuja peke yake, amelowa jasho, bila mzigo wala mtumishi.

Habari za chombo chenyewe zajulikana na wengi, basi nitazipitia mbio. Baiskeli ya awali, ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ilikuwa ya vijana wenye miguu mirefu na moyo wa kuthubutu, kwa kuwa jiwe moja tu njiani lilitosha kumrusha mpandaji kichwa chini juu ya usukani. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry akatoa baiskeli yake iitwayo Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo, Mskoti aliyekaa Belfast, akabuni tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Baada ya hayo mawili, mzee na kijana, mwanamke na mwanamume, waliweza kwenda kilomita 50 alasiri moja na kurejea nyumbani na mifupa yao salama.

Lakini chombo peke yake hakimpi mtu matembezi. Hutakiwa wasaa, na wasaa wa Waingereza wa kawaida ulipatikana kwa sheria, kidogo kidogo. Mwaka 1850 Bunge liliamuru kuwa wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waachiwe saa nane mchana siku ya Jumamosi, na taratibu nusu siku hiyo ikaenea katika kazi nyingine. Mwaka 1871 ikaongezwa siku ya mapumziko Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Na mwaka 1916, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, saa za nchi nzima zikasogezwa mbele wakati wa majira ya joto. Kwetu sisi, ambao jua hutuchwea karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, ni vigumu kuitasawari jioni ya Juni katika Uingereza ya kusini, ambapo saa tatu ya usiku imepita na bado mtu aweza kusoma ramani njiani bila taa. Mfanyakazi aliyetoka kiwandani saa kumi na moja alikuwa na jioni nzima mbele yake, na baiskeli ikamfikisha palipo na miti.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwani mwendo huu wa taratibu, unaoonekana kuwa starehe isiyomdai mtu chochote, ulijengwa kwa ukaidi mkubwa na watu waliopenda vikao, kanuni na mashtaka. Mwezi wa Agosti 1878 chama cha wasafiri wa baiskeli kiliundwa Harrogate, katika jimbo la Yorkshire, na mwaka 1883 kikachukua jina la Cyclists' Touring Club. Wanachama wa mwanzo walikuwa na sare, koti na suruali fupi ya rangi ya kijani na kofia ngumu, mpaka walipogundua kuwa kijani hudhihirisha vumbi la njiani, wakahamia rangi ya kijivu. Chama kiliweka mawakili katika miji, ambao kazi yao ilikuwa kumwelekeza mwanachama mgeni wapi atalala na wapi atatengenezewa chombo chake. Kilipatana na wenye nyumba za wageni juu ya bei maalumu, na nyumba iliyokubali ikapewa kibao cha chuma chenye nembo ya gurudumu lenye mabawa, ambacho katika vijiji kadhaa bado chaonekana ukutani hata leo. Pamoja na wenzao wa National Cyclists' Union walisimamisha mbao za hatari juu ya vilima vikali, serikali isipokuwa na habari. Na mwaka 1886 vyama hivyo viwili vikaunda jumuiya ya kudai barabara bora. Kufikia mwaka 1899 wanachama wa Touring Club walizidi 60,000.

Sheria nayo ilibidi itamke baiskeli ni kitu gani. Mwaka 1888 Bunge lilikata shauri kuwa baiskeli ni gari kama magari mengine, hivyo ina haki yake barabarani, kwa sharti iwe na taa usiku na mpandaji apige kengele anapotaka kumpita mtu au mnyama. Na wenye magari ya farasi, waliozoea kuwachapa waendesha baiskeli kwa mijeledi, wakalazimika kujizuia.

Haki barabarani lakini si haki mezani. Bibi Harberton, mke wa mtu wa daraja la juu na mtetezi mashuhuri wa mavazi mepesi ya wanawake, alifika siku moja ya Oktoba 1898 katika hoteli iitwayo Hautboy, kijiji cha Ockham, si mbali na Ripley, akataka chakula. Alikuwa amevaa suruali pana inayokomea chini ya goti, vazi lililowaepusha wapandaji na hatari ya sketi kunaswa katika mnyororo. Bibi mwenye hoteli alimtazama, akasema kwa adabu kuwa kwa mavazi yale hataingia katika chumba cha kulia cha waheshimiwa, bali akitaka atahudumiwa katika chumba cha upande wa baa, walimokaa wanaume wakivuta tumbaku. Mgeni alikataa akaondoka. Chama cha Touring Club, kilichokuwa na hamu ya kupima nguvu za sheria ya kale inayomlazimisha mwenye nyumba ya wageni kumhudumia kila msafiri, kilifungua mashtaka, na kesi ikasikilizwa Surrey mwaka 1899 mbele ya baraza la raia. Upande wa utetezi ulidai kuwa msafiri hakunyimwa chakula, alipewa tu chumba kingine. Baraza likakubali, na mshtakiwa akaachiwa. Kwa hukumu ya mahakama Bibi Harberton alishindwa, ila miaka haikupita mingi na hakuna tena aliyejali goti la mwanamke juu ya baiskeli, na kwa maoni yangu kesi ile ilifanya kazi kubwa zaidi kwa kushindwa, kwa kuwa magazeti yote yaliieneza.

Bei nayo ilichagua nani atatembea. Katika miaka ya 1890 baiskeli mpya na nzuri iliuzwa pauni kumi na zaidi, ilhali kibarua wa shambani hakupata hata pauni moja kwa juma. Ndiyo maana katika msimu wa 1895 na 1896 matajiri wa London walikwenda Battersea Park kuonyeshana baiskeli zao kama walivyoonyeshana farasi. Wakachoka upesi. Waliobaki walikuwa watu wa tabaka la chini na la kati, walionunua vilivyokwisha tumika au kwa kulipa kidogo kidogo, na ndio hasa wenye historia hii. H. G. Wells, ambaye ujanani alitumikia duka la nguo, alimfanya mwuza nguo wa Putney kuwa shujaa wa riwaya yake ya mwaka 1896, The Wheels of Chance, akampeleka likizo kwa baiskeli katika majimbo ya kusini. Edward Elgar, mtunzi mkubwa wa muziki, alinunua baiskeli yake ya Sunbeam mwaka 1900, akiwa amepita miaka 40, akaipa jina la Mr Phoebus na kuzunguka nayo vijiji vya karibu na vilima vya Malvern.

Wengine walipakia siasa katika mifuko ya tandiko. Mwaka 1894 vijana wachache wa Birmingham, wasomaji wa The Clarion, gazeti la kijamaa la Robert Blatchford, waliunda klabu ya baiskeli. Na punde klabu kama hiyo zikazuka kaskazini kote, wanachama wakienda mashambani Jumapili, wakigawa magazeti vijijini na kuhutubia watu viwanjani, kisha wakijitafutia chai. Karibu na mji wa Nelson, katika Lancashire, ipo Clarion House iliyojengwa mwaka 1912, ambayo mpaka sasa hufunguliwa Jumapili na kuwauzia wapita njia chai kwa makopo makubwa. Wafumaji wa viwanda vya pamba walipata hapo hewa safi na mazungumzo kwa peni chache, na sijui kama Blatchford alipata wafuasi wengi kwa hotuba kuliko kwa chai ile.

Baina ya vita viwili vya dunia matembezi haya yalifikia kilele. Baiskeli ilipatikana kwa pauni tano au pungufu. Gia tatu za Sturmey-Archer, zilizotoka mwanzoni mwa karne, zilimpunguzia mpandaji adhabu ya vilima. Ramani za Bartholomew, zenye rangi zionyeshazo miinuko, zilisahihishwa kwa habari zilizoletwa na wanachama wa Touring Club wenyewe. Na mwaka 1930 ikaanzishwa Youth Hostels Association, ambayo nyumba zake zilimlaza msafiri kwa shilingi moja, kwa sharti awe amekuja kwa nguvu za mwili wake, si kwa motokaa. Na sura ya mashambani ambayo Waingereza wengi waliibeba kichwani, njia nyembamba baina ya michongoma, daraja la mawe, kanisa nyuma ya miti na baiskeli mbili zimeegemezwa ukutani, ilichorwa kwa wino mweusi na Frank Patterson, aliyelichorea jarida la Cycling tangu mwaka 1893 hadi alipofariki mwaka 1952. Ajabu ni kuwa mtu huyu, baada ya kuumia mguu, hakusafiri tena kwa baiskeli. Alikaa shambani kwake Sussex, na picha nyingi alizitoa katika fotografia za watu wengine.

Ile jumuiya ya barabara bora ilifanikiwa kupita kiasi. William Rees Jeffreys, mpanda baiskeli aliyeitumikia kama katibu, akawa mwaka 1910 katibu wa bodi ya barabara ya serikali, na lami aliyoipigania ikaja. Lakini juu ya lami zikaja motokaa. Mwaka 1949 wakazi wa Uingereza walikwenda kwa baiskeli jumla ya kilomita karibu bilioni 24. Kufikia mwaka 1973 zilibaki pungufu ya bilioni nne. Viwanda kama Raleigh cha Nottingham viliendelea kusafirisha baiskeli zilizo nzito na imara hadi Afrika ya Mashariki, ambako zilibeba maziwa, mkaa na ndizi, huku kwao zikifungiwa vibandani.

Kutoka hapo wapandaji wakatafuta njia za pembeni. Sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu kutumia njia za farasi zilizokatiza mashamba, kwa sharti wawapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Mwaka 1977 kikundi cha watu wa Bristol, ambacho baadaye kiliitwa Sustrans, kilianza kazi, na kati ya 1979 na 1986 kikageuza reli iliyoachwa baina ya Bristol na Bath kuwa njia ya baiskeli yenye urefu wa kilomita 21 hivi, karibu tambarare yote, jambo ambalo wahandisi wa reli walikuwa wamelifanyia kazi kwa sababu nyingine kabisa. Fedha za bahati nasibu ya taifa, pauni milioni 42.5, zilipotolewa mwaka 1995, mpango wa njia za namna hiyo ukatandazwa nchi nzima.

Mzozo wa sasa ni wa baiskeli za umeme. Wazee wengi ambao magoti yao yaliwakataza vilima vya Cotswolds wamerejea njiani kwa msaada wa mota, na wako wenzao wanaonung'unika kuwa huko si kupanda baiskeli. Maneno yayo hayo yaliyosemwa zamani juu ya gia. Sheria imejaribu kuwapatanisha: mota isizidi wati 250, mpandaji aendelee kukanyaga pedali, na mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa umeme ujikate wenyewe. Kwa wale wa Ripley, waliofika na vumbi nyusini juu ya njia isiyo na lami, hiyo ingekuwa kasi ya kutosha kabisa.