Likizo Inayofuata Mvua

Oktoba ikielekea ukingoni, mabasi yanayopita Kambu, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, hushusha watu wenye likizo na mbegu mkobani. Ni walinzi, makarani na wapishi kutoka Nairobi na Mombasa. Ndengu na kunde zao zinatakiwa ziwe ardhini mvua ikianza. Ukambani, kuanzia Makueni hadi Kitui, vuli ndiyo ya kutegemewa kuliko masika.

Ruhusa hiyo ya kwenda kulima huku mshahara ukiendelea haikupatikana kwa urahisi.

Enzi za ukoloni, mwenye likizo alikuwa Mzungu. Ofisa wa serikali alitumikia miaka michache, kisha akapanda meli kwenda kwao Uingereza kwa miezi kadhaa. Mwafrika aliyeondoka bila ruhusa akapande mtama wake aliitwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimvisha mwanamume kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri asipotia sahihi, mtu hakuwa huru kuajiriwa kwingine. Mvua ingeweza kunyesha Kitui wiki nzima, naye amezuiwa na sahihi moja. Ulikuwa ukatili, na ulidumu hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1947.

Bandarini Mombasa palikuwa na mwanya. Kibarua aliajiriwa kwa siku, hivyo aliweza kwenda kwao msimu ukifika, ila bila senti.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa likizo yenye malipo mwaka 1936. Wafanyakazi wa mashambani, ambao ndio waliokuwa wengi katika makoloni, walingoja mkataba wao hadi 1952.

Leo Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi zenye malipo kamili kila baada ya miezi 12. Zinaweza kugawanywa kwa makubaliano, lakini sehemu moja isipungue wiki mbili za kazi mfululizo. Wiki mbili zinatosha kukokota plau na kupanda. Palizi huja mwenye likizo amesharudi mjini, ikawaangukia mke na wazazi.

Walioachwa nyuma ni vibarua, na hapa ndipo pa kupigania. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Akifikisha miezi miwili, anastahili masharti ya ajira kama wenzake, likizo ikiwemo. Akiachishwa kabla ya mwaka kwisha, alipwe siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliotumikia. Kijana wa Kambu anayepakia mizigo tangu Julai, na bado analipwa jioni kwa jioni, tayari ana siku zinazohesabika, na akiachishwa vuli hii ana haki ya kuzidai.