Kamba Ilivyopanda: Historia ya Mnara wa Boti ya Weikibodi

Julai 2, 1922, ikiwa imebaki siku moja tu atimize miaka 19, kijana Ralph Samuelson alifanikiwa kusimama juu ya maji ya Ziwa Pepin, mjini Lake City, jimbo la Minnesota nchini Marekani, huku akivutwa na boti. Kabla ya hapo alikwisha kujaribu mbao za mapipa, akazama. Akajaribu zile za kutelezea kwenye theluji, nazo zikamtupa. Mwishowe alichukua mbao mbili zenye urefu wa karibu mita 2.4, akazichemsha ncha katika chombo cha shaba cha mama yake mpaka zikalainika, akazipinda. Akafunga mikanda ya ngozi ya kuingizia miguu. Kwa kamba alitumia ile ya madirisha, na mshikio wake ulikuwa pete ya chuma aliyofuliwa na mhunzi.

Boti iliyomvuta haikuundwa kwa mchezo wowote. Ilikuwa chombo cha kazi kilichopachikwa injini ya lori la Saxon, na usukani ulishikwa na ndugu yake, Ben. Kwa hiyo mchezo wa kuteleza majini ulianza kwa kufunga kwenye boti kitu kilichotengenezewa mahali pengine. Mtu anayenunua leo mnara wa weikibodi (fremu ya mabomba inayoinua kamba ya kumvuta mchezaji anayesimama juu ya ubao mmoja) uliokwishatumika na kuufunga kwenye boti yake kuukuu anaendeleza kazi ileile, na historia ya mnara huo inaeleza kwa nini kazi yenyewe inahitaji uangalifu mkubwa.

Samuelson hakuomba hataza. Fred Waller ndiye aliyeipata, mwaka 1925, kwa mbao alizoziuza kwa jina la Dolphin Akwa-Skees. Mchezo ukaenea, na Florida ikawa makao yake makuu, hasa katika bustani ya Cypress Gardens ambayo Dick Pope aliifungua mwaka 1936 na baadaye kuifanya uwanja wa maonyesho ya watelezaji.

Kadiri watelezaji walivyozidi kuwa hodari ndivyo boti zilivyoshindwa kwenda nao. Kamba iliyofungwa tezi ilikuwa na kasoro moja kubwa: mtelezaji akikata kona kali kwenda upande mmoja, alilivuta tezi limfuate, na nahodha akawa anapigana na usukani. Dawa yake ilikuwa nguzo fupi ya chuma iliyosimamishwa karibu na katikati ya boti. Hapo hata mtelezaji akivuta kwa nguvu zake zote, omo hubaki palepale. Leo Bentz wa Florida alibuni boti ya faiba kwa ajili ya mchezo huu, na mwaka 1961 kampuni ya Correct Craft ikaichukua na kuiuza kwa jina la Ski Nautique. Mwaka 1968 Rob Shirley alianzisha MasterCraft huko Tennessee. Watengenezaji hawa wote walitafuta jambo moja, yaani boti inayopita kasi na kuacha wimbi dogo nyuma yake, kwa kuwa mtelezaji wa enzi hiyo aliliona wimbi kuwa kikwazo.

Halafu wakaja vijana waliolitaka wimbi.

Mwaka 1985, Tony Finn wa San Diego alitoa ubao mfupi ulioitwa Skurfer, mfano wa ubao wa kuchezea mawimbi ya bahari, lakini huu ulivutwa na boti. Jimmy Redmon wa Texas naye alikuwa akifanyia kazi ubao wa aina hiyo, na mikanda ya miguu ilipoongezwa, mchezaji aliweza kuruka na kutua bila ubao kumponyoka. Mwaka 1990, Herb O'Brien akatoa Hyperlite, ubao uliozama kwa urahisi zaidi wakati wa kuondoka, na weikibodi ikawa mchezo wa kila mtu mwenye boti. Mwaka 1996 ikaingia kwenye mashindano ya X Games na kuonekana katika televisheni.

Sasa kila sifa ya boti ya zamani ikageuka kuwa kasoro. Wachezaji wakaanza kuzijaza boti mifuko ya maji na kuwarundika abiria nyuma ili chombo kizame zaidi na wimbi liinuke. Ila kamba bado ilitoka chini, kwenye nguzo fupi. Mchezaji aliyeruka mita moja juu ya wimbi alivutwa na kamba mbele na chini kwa wakati mmoja, ikimrudisha majini kabla hajamaliza kujizungusha. Njia ya kwanza ya kutatua hilo ilikuwa kurefusha nguzo kwa bomba refu, likakazwa kwa mikanda iliyofungwa omo. Bomba lilisaidia, lakini liliyumba, na mikanda iliziba nafasi ya abiria.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Correct Craft ikatoa Air Nautique yenye mnara wa mabomba ya chuma ulioipita boti kutoka ubavu hadi ubavu, nayo ikapata hataza ya mnara huo. Kamba sasa ilifungwa zaidi ya mita 2 juu ya maji. Viwanda vingine vikafuata, na muda si mrefu mnara ukabeba spika, taa, vishikio vya mbao na turubai la kivuli. Minara mingine ikawekewa bawaba ili ilazwe boti ipite chini ya daraja au iingie gereji.

Wenye boti za miaka ya 1980 hawakutaka kubaki nyuma. Yakatokea makampuni ya minara ya kufungwa kwenye boti yoyote, na miaka ilivyopita minara hiyo, pamoja na ile iliyong'olewa kwenye boti zilizoharibika, ikaingia soko la vitu vilivyotumika. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza.

Kamba inapovuta nyuma kwa juu, mnara hufanya kazi ya wenzo: nyayo za mbele hung'olewa kwenda juu, na zile za nyuma hukandamizwa chini. Faiba ya ukingo wa boti haikuwekwa pale kubeba nguvu hizo. Fundi hupima kwanza upana kati ya miguu, kisha mwinamo wa ukingo, maana mnara uliokatwa kwa boti moja mara nyingi haukai vizuri kwenye nyingine bila kabari chini ya nyayo. Halafu hutoboa kwa keekee na kuutazama unga unaotoka. Ukiwa mkavu na mweupe, plaiwudi iliyomo ndani ya faiba ni nzima. Ukiwa mweusi na umelowa, ubao umeoza, na hakuna bolti itakayoshika hapo mpaka sehemu hiyo ikatwe na kujengwa upya. Kwa ndani, kila unyayo huwekewa bamba pana la alumini ili nguvu isambae. Tundu hupakwa gundi ya kuzuia maji. Na bolti za chuma kisichoshika kutu hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, moja baada ya nyingine.

Anayetaka kununua mnara uliotumika na aulizie kwanza nyayo na mabamba yake ya asili, kisha akague kila mahali palipochomelewa kutafuta nyufa. Muuzaji asipokuwa na mabamba hayo, gharama ya kuyatengeneza iondolewe kwenye bei. Akikuta ufa kwenye mguu, auache mnara huo, hata kama rangi yake inang'aa, kwa sababu mnara ukikatika utawaangukia watu walioketi ndani ya boti.