Jenetiki ya sokwe wa Gombe

Jenetiki ya sokwe wa Gombe ni utafiti unaochunguza DNA ya sokwe wa mashariki (*Pan troglodytes schweinfurthii*) wanaoishi katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma, pamoja na virusi vilivyomo miilini mwao. Hifadhi hiyo ndogo iko kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, na hufikiwa kwa boti. Sokwe wake ni takriban mia moja, nao wamegawanyika katika makundi matatu: Mitumba upande wa kaskazini, Kasekela katikati na Kalande upande wa kusini.

Chanzo cha utafiti

Jane Goodall alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960. Tangu hapo sokwe wamekuwa wakifuatwa na kuandikiwa kumbukumbu, kila mmoja kwa jina lake. Mwaka 1975 watafiti wanne walitekwa nyara na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo). Baada ya hapo ni Watanzania, wengi wao kutoka vijiji vya jirani, walioendeleza kazi ya kila siku msituni. Bila daftari zao maabara isingekuwa na la kusema, kwa sababu DNA ya mnyama asiyejulikana haielezi mengi.

Hata hivyo daftari hizo zilikuwa na pengo moja kubwa. Mama wa kila mtoto alijulikana, lakini baba hakujulikana, kwa kuwa sokwe jike akiwa tayari kupandwa hupandwa na madume wengi.

Namna ya kupata DNA

Kumpiga sokwe sindano ya usingizi ili kumtoa damu ni hatari, maana anaweza kuanguka kutoka mtini. Kwa hiyo watafiti walianza na nywele. Kila jioni sokwe hujenga kiota cha kulalia juu ya mti, na asubuhi huacha humo nywele zake. Phillip Morin na wenzake walitumia nywele za sokwe wa Gombe katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994.

Baadaye kinyesi kilichukua nafasi kubwa zaidi. Chakula kinapopita utumbuni hukwangua seli za ukuta wa utumbo, na seli hizo hutoka pamoja na kinyesi zikiwa na DNA ya mnyama mwenyewe. Mtafiti humfuata sokwe anayemfahamu, husubiri, kisha huchukua kiasi kidogo na kukitia katika kichupa chenye dawa ya kuzuia kuoza, akiandika jina na tarehe. Ni kazi isiyo na fahari, lakini sokwe haguswi kabisa.

Nani ni baba?

Kila mtoto hupata nusu ya DNA yake kwa mama na nusu kwa baba. Sehemu zinazofanana na za mama zikishatengwa, zinazobaki lazima zionekane kwa baba. Dume asiye nazo huondolewa katika orodha. Kwa njia hiyo Julie Constable na wenzake walitangaza mwaka 2001 baba za watoto kadhaa wa Kasekela. Ilionekana kwamba watoto hao walizaliwa na madume wa kundi lenyewe, si wa kundi jirani. Madume wenye cheo walipata watoto wengi, lakini hata wa chini walifanikiwa, wengine kwa kumchukua jike na kukaa naye faraghani mbali na wenzao.

Kesi moja ilishangaza: dume Frodo alikuwa amezaa na mama yake mwenyewe, Fifi. Jambo hilo ni nadra. Kwa kawaida majike wengi wanapobalehe huhamia kundi jingine, na hivyo ndugu wa damu hutenganishwa.

Virusi vya SIV

Kinyesi hichohicho hubeba pia chembe za virusi na kingamwili. Mwaka 2003 kundi la watafiti akiwemo Beatrice Hahn lilieleza jenomu ya virusi vya SIVcpz kutoka kwa sokwe wa Gombe. Virusi hivi ni ndugu wa VVU, vinavyosababisha UKIMWI kwa binadamu.

Hapa wasomaji wengi huchanganya mambo. UKIMWI haukutoka Gombe. Ulinganisho wa jenomu uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba aina ya VVU iliyoenea duniani inatokana na virusi vya sokwe wa nususpishi nyingine, *Pan troglodytes troglodytes*, wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Virusi vya sokwe wa mashariki ni tawi tofauti, ambalo halijawahi kupatikana kwa binadamu.

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba SIV haiwadhuru sokwe, kama isivyowadhuru sana baadhi ya nyani na tumbili wanaoibeba kiasili. Gombe ilibadilisha imani hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowafuatilia sokwe 94 kwa miaka tisa, ulionyesha kwamba wenye virusi walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri uleule. Majike wenye virusi walizaa kidogo zaidi, na watoto wao walikufa mapema zaidi. Baadhi ya maiti zilizopimwa zilionyesha upungufu wa seli za kinga za CD4, kama inavyotokea kwa mgonjwa wa UKIMWI.

Kuhama kwa majike

Virusi hivyo huambukizwa hasa kwa kupandana, na pia kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo jike anayehama huweza kuingia na vyote viwili: jeni mpya ambazo kundi dogo linazihitaji, na maambukizi. Utafiti wa mwaka 2010 ulikuta karibu nusu ya sokwe wa Kalande wana virusi, kiwango kikubwa mno kuliko cha Mitumba na Kasekela, na kundi hilo lilikuwa limepungua sana. Nje ya hifadhi misitu mingi imekwisha kuwa mashamba, na njia za sokwe kutoka au kuingia Gombe ni chache. Vijiji kadhaa vya jirani vimetenga misitu ya hifadhi ya kijiji ili kuunganisha tena njia hizo.