Povu la Kongo na povu la mkunazi

Kongo, sehemu ya mtaa wa Kawangware jijini Nairobi, sawa na Kibera, sabuni ya maji huhukumiwa kwa povu. Mnunuzi huitikisa chupa. Povu likipanda hadi shingoni, hutoa pesa. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana Ungerol haikosekani kwenye ndoo zao. Wanakemia huiita sodiamu laureti salfeti. Huongezwa chumvi ya kawaida ili iwe nzito, kisha rangi na manukato. Sabuni hiyohiyo huosha vyombo, sakafu na, katika nyumba nyingi, vichwa vya watoto.

Eastleigh, upande wa pili wa jiji, wanawake wa Kisomali huosha nywele na uso kwa qasil, unga wa majani makavu ya mti wa jamii ya mkunazi. Povu lake ni dogo, nalo hutokana na kemikali ya asili iitwayo saponini. Pwani majani ya mkunazi hutiwa katika maji ya kuoshea maiti, kwa kufuata sunna, na hakuna anayelalamika kwamba povu ni haba. Wahindi nao wana ritha, tunda lenye saponini tele.

Kikemia, mila hizi zinakutana. Molekuli ya saponini na ile ya Ungerol zote zina upande unaopenda maji na upande unaoshika mafuta. Huko ndiko kusafisha. Povu ni hewa iliyonaswa tu. Uchafu hutoka hata lisipokuwepo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 barua pepe zilieneza uvumi kwamba Ungerol na viambato vya jamii yake huleta saratani. Haukuwa na ushahidi. Kilichothibitishwa ni kwamba sodiamu lauryl salfeti, ndugu wa Ungerol aliye mkali zaidi, huwasha ngozi kiasi kwamba madaktari huitumia kwa makusudi wanapopima mwasho. Ungerol ni pole kuliko hiyo. Lakini qasil isitukuzwe kwa kuwa ni ya asili tu: saponini nayo huchoma macho.

Kwangu tofauti kubwa iko kwenye maji. Shampuu yenye povu huhesabiwa kuwa salama kwa sababu hukaa kichwani muda mfupi, kisha husuuzwa vizuri. Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mama anayegawa mtungi mmoja kwa kupika, kufua na kuogesha atawezaje kusuuza povu jingi hivyo? Linalobaki hukausha ngozi ya kichwa, na mtoto hujikuna. Tena, mtengenezaji akikosea kipimo cha kostiki soda anapoizimua asidi ya salfoniki, ambayo nayo hutiwa katika sabuni hizi, sabuni hutoka na ukali unaounguza, na povu halitamwambia mnunuzi lolote.

Ndugu watengenezaji wa Kongo, chovyeni karatasi ya litimasi katika kila ndoo kabla ya kuuza, na sabuni ya sakafu iandikwe wazi kwamba si ya kichwa. Nanyi wanunuzi, acheni kutikisa chupa, ulizeni kilichomo.