Ifuku, Fuko na Jina la Rwanda

Mwanafunzi wetu mmoja alipewa sentensi ya Kinyarwanda aitafsiri: "Ifuku yariye ibijumba." Akaandika, "Fuko lilikula viazi vitamu." Darasa zima lilicheka, kwani fuko la li- ni mfuko mkubwa. Lakini neno lenyewe alilipata sawasawa. Upatanisho ndio uliomponyoka. Wengi wetu tungeandika "panya" na kosa letu lisingeonekana.

Fuko, yule wa ngeli ya a-/wa-, ndiye ifuku wetu. Wagikuyu humwita huko, kwa kuwa lugha yao haina sauti /f/. Mzizi ni mmoja. Anachimba kwa meno, anaishi chini ya ardhi na kula mizizi, na wakulima wa milimani wanamjua kwa hasara. Wanabayolojia humweka katika jenasi ya Tachyoryctes, familia ya Spalacidae, pamoja na panya wa mianzi wa Asia. Panya wa nyumbani si wa familia hiyo.

Jenasi hiyo ilipewa jina na Mjerumani Eduard Rüppell miaka ya 1830, kutokana na mafuko wa Ethiopia. Baadaye Oldfield Thomas, katika jumba la makumbusho la London, aliongeza majina kwa wingi. Mwaka 1909 alitoa ankoliae kwa fuko wa Ankole na naivashae kwa yule wa Naivasha. Zamu ya Rwanda ilifika mwaka 1925, pale Waswidi Lönnberg na Gyldenstolpe walipomwita wetu Tachyoryctes ruandae. Ilikuwa baada ya msafara wa Waswidi wa mwaka 1921 katika Afrika ya Kati.

Je, hizo zote ni spishi? Wapo waliohesabu mbili tu: fuko mkubwa wa milima ya Bale, Ethiopia, na mwingine mmoja aliyeenea kwingineko kote. Orodha kuu ya mamalia ya mwaka 2005 ilihesabu 13, ruandae akiwamo. Sisi walimu wa lugha tusicheke. Malcolm Guthrie aliipa Kinyarwanda namba D61 na Kirundi D62, ilhali wazungumzaji wake wanaelewana bila mkalimani, na pande zote mbili za mpaka mnyama huyu ni ifuku.

Mwaka 2018 Radim Šumbera na wenzake, wakiwamo watafiti wa Ethiopia, walichapisha uchunguzi wa jeni za mafuko hao. Walipata matawi makuu sita, ambayo huenda kila moja ni spishi. Si mbili, si 13. Chimbuko la jenasi yote waliliona katika nyanda za juu za Ethiopia. Kwa hiyo jina la ruandae lilitolewa kwa kutazama mwili, karibu karne moja kabla ya jeni kuulizwa, na mipaka ya majina ya zamani si lazima iwe mipaka ya matawi hayo.

Mwanafunzi yule tulimpa alama ya msamiati, tukamkata ya sarufi. Kamusi yake ilikuwa na maingizo mawili ya "fuko". Alisoma la kwanza tu.